Mwangwi si Maji: barafu ya Mirihi na kinachosemwa kulala chini yake

Hotuba hii niliitoa Malindi, jioni moja, mbele ya wanafunzi wa sekondari, wazazi na walimu wao. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wazee wangu, kina mama, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi ambao ndio mliotuita hapa: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Hapo mezani mnaona sanduku la barafu, lile ambalo wachuuzi wa samaki hubebea. Ndani mna vifuko viwili vya plastiki. Nitavitoa baadaye. Nataka kwanza tuzungumze habari ya tangi.

Nyumba nyingi hapa zina simtanki. Maji ya mfereji yakikatika, mama wa nyumba hapandi ngazi kwenda kuchungulia yamebaki kiasi gani. Anakunja vidole, anagonga ubavuni. Chini mlio ni mzito. Anapandisha mkono kidogo kidogo, anagonga tena, mpaka pahali fulani mlio unageuka, unakuwa mwepesi, wa kitu kitupu. Pale ndipo maji yalipokomea. Hakuyaona wala hakuyagusa, na bado anajua kama leo atafua au hafui.

Sasa mpeni mama huyo tangi la mtu mwingine, asilojua limetiwa nini. Anagonga, mlio mzito. Ni maji? Ni mchanga? Ni dizeli? Mlio umemwambia kwamba pale pana mpaka, kwamba kitu kimoja kimeishia na kingine kimeanza. Jina la hicho kitu cha pili haukumtajia. Jioni hii nimekuja na habari ya tangi la namna hiyo. Liko ncha ya kusini ya Mirihi, na limegongwa kwa miaka ishirini.

Ukiitazama Mirihi kwa darubini nzuri wakati ikiwa karibu nasi, utaona kitone chekundu chenye doa jeupe kwenye ncha. Madoa haya yanajulikana tangu karne ya 17. Mwaka 1784 William Herschel, aliyekuwa akitazama nyota kutoka Uingereza, aliandika kwamba hukua majira ya baridi na kusinyaa majira ya joto, na akayafananisha na theluji na barafu za ncha za Dunia. Watu walikaa na wazo hilo muda mrefu sana. Kisha mwaka 1965 chombo cha Mariner 4 kikapita karibu na Mirihi, na vipimo vyake vikaonyesha kwamba hewa ya kule ni nyembamba mno, chini ya asilimia moja ya kanieneo ya hewa tunayoivuta hapa. Mwaka uliofuata Robert Leighton na Bruce Murray walipiga hesabu zao wakasema: kwa baridi ya namna hii, hewa yenyewe ya Mirihi, ambayo karibu yote ni kaboni dioksaidi, lazima igande na kuanguka kwenye ncha.

Herschel alikuwa sawa, na hao wawili pia walikuwa sawa. Kila majira ya baridi, karibu robo ya hewa yote ya sayari hugeuka barafu kavu, yaani kaboni dioksaidi iliyoganda, ikalala nchani, kisha jua likirudi inapaa tena angani. Naomba mlifikirie hilo kidogo. Hapa kwetu kusi na kaskazi hubadilisha upepo. Kule majira hubadilisha kiasi cha hewa iliyopo. Lakini chini ya hiyo barafu ya msimu kuna nyingine isiyoondoka. Vyombo vya Viking vilipofika Mirihi mwaka 1976, vilikuta kwamba kaskazini, barafu inayobaki wakati wa kiangazi ni ya maji hasa. Kusini kuna ganda la barafu kavu lisiloisha, lenye unene wa kama mita 8 tu, limetandikwa juu ya mlima wa barafu ya maji.

Mlima huo ni mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Barafu ya kaskazini ina upana wa kama kilomita 1,000. Kwa mstari ulionyooka ni kama kutoka hapa Malindi hadi Kampala na kupita kidogo. Ya kusini, pale iliponenepa zaidi, ina kilomita 3.7 kutoka juu hadi kwenye mwamba. Mwaka 2007 ilikadiriwa kwamba hiyo ya kusini peke yake ikiyeyuka na maji yakasambazwa sawasawa, yangeifunika Mirihi nzima kwa kina cha mita 11. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama Mirihi kuna maji, mjibu bila kusita: yapo, tele, yameganda. Kinachobishaniwa ni kama yapo yaliyo majimaji.

Na kwa nini juu ya ardhi hayawezi kuwa majimaji? Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilitua karibu na ncha ya kaskazini, kikanyoosha mkono wake wa chuma, kikachimba handaki dogo. Sentimita chache tu chini ya vumbi kikakuta kitu cheupe. Ndani ya handaki palibaki vipande vya ukubwa wa dadu. Watu wakabishana: chumvi au barafu? Siku nne baadaye kikapiga picha tena pahali palepale, na vile vipande havikuwapo. Chumvi haiwezi kutoweka hivyo. Ilikuwa barafu, nayo haikuacha hata tone, kwa sababu kwenye hewa nyembamba namna ile barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Jambo hilo halihitaji kwenda mbali. Kule Kibo, juu ya Kilimanjaro, barafu inapungua kwa njia hiyohiyo kwa kiasi kikubwa: baridi ni chini ya sifuri, jua kali, hewa kavu, na barafu inapaa bila kuchuruzika. Phoenix yenyewe, niseme kwa huzuni kidogo, haikuvuka majira ya baridi. Picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 2010 zilionyesha kwamba barafu kavu ilikuwa imezivunja bawa zake za umemejua.

Haya. Turudi kwenye kugonga tangi.

Mwaka 2003 Shirika la Anga la Ulaya lilirusha chombo kiitwacho Mars Express, kikafika Mirihi siku ya Krismasi mwaka huohuo. Kilibeba rada iitwayo MARSIS, iliyoongozwa na wanasayansi wa Italia pamoja na Shirika la Anga la Italia. Shirika hilo mnalijua hata kama hamkujua kuwa mnalijua: ndilo lenye kituo pale Ngomeni, na ni kutoka kwenye jukwaa la baharini la Waitaliano hapo Ngomeni ndipo tarehe 12 Desemba 1970 iliporushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Nalitaja kwa sababu baadhi yenu mmezaliwa mkiiona minara ile baharini, na hakuna aliyewaambia kwamba wenyewe ndio hao wanaogonga barafu ya Mirihi.

Rada ile hutuma mawimbi ya redio ya megahetzi 1.8 hadi 5. Wazee waliozoea kusikiliza idhaa za ng'ambo kwenye masafa mafupi, mawimbi hayo ni jamaa zao. Kwa mawimbi marefu hivyo unahitaji antena ndefu, na MARSIS ina mbili, kila moja mita 20. Zilikuwa zimekunjwa sandukuni kama kinanda cha mkono. Zilipoanza kukunjuliwa Mei 2005, pingili moja ya antena ya kwanza, ya kumi kati ya kumi na tatu, ilikataa kujifunga. Hakuna fundi wa kupanda kule. Wahandisi wakakigeuza chombo taratibu ili jua liipige ile pingili kwa upande wa baridi, wakasubiri. Ikapata joto, ikanyooka, ikajifunga. Mimi kisa hiki huwa nawasimulia wanafunzi kila mwaka, na kila mwaka nafurahi kukisimulia.

Basi wimbi likifika kwenye barafu, sehemu yake hurudi juu palepale: huo ni mwangwi wa kwanza. Nyingine hupenya, kwa maana barafu safi kwa redio ni kama kioo kwa mwanga, ikashuka mpaka kwenye sakafu, ikarudi. Huo ni wa pili. Barafu ikiwa na unene wa kilomita moja na nusu, mwangwi wa pili huchelewa kwa kama sehemu 18 za milioni ya sekunde. Ukipima uchelewaji huo umepima kina. Na ukipima nguvu ya mwangwi umepata fununu ya kilichoko sakafuni, kwa sababu mwamba mkavu hurudisha wimbi kwa unyonge na maji hulirudisha kwa nguvu.

Kwa kawaida mwangwi wa sakafu hurudi ukiwa umefifia. Lakini kundi la Roberto Orosei, mwanasayansi wa Italia, liliona pahali karibu na ncha ya kusini ambapo sakafu iling'aa kuliko uso wa barafu. Walirudi pale mara 29 kati ya Mei 2012 na Desemba 2015. Ikabidi wakifanye chombo kitume data ghafi, maana kompyuta yake ilikuwa ikijumlisha vipimo kabla ya kuvituma, na jambo walilolitafuta lilikuwa likipotea humo. Julai 2018 wakatangaza: chini ya kilomita 1.5 za barafu kuna eneo lenye upana wa kilomita 20 linalorudisha mwangwi kama maji. Habari ikazunguka ulimwengu siku moja. Magazeti yakaandika kwamba ziwa limepatikana Mirihi. Wao wenyewe waliandika kwa uangalifu zaidi ya hapo. Mwaka 2020 wakaongeza kwamba kuna vidimbwi vingine vidogo kulizunguka lile la kwanza.

Sasa naomba vile vifuko.

Hiki cha kwanza ni maji ya mfereji. Jana usiku nilimwomba jirani yangu, anayeuza barafu za ukwaju, anilazie kwenye friza yake. Sikilizeni nikikipiga mezani. Jiwe. Hiki cha pili kililala ubavuni mwake, friza ileile, usiku uleule. Tazameni, nakiminya: kinabonyea, kinacheza kama maji ya bahari kwenye mfuko, na ukikishika ni baridi ya kuuma. Tofauti ni chumvi tu, chumvi ya jikoni, nyingi kiasi kwamba nilikoroga mpaka ikakataa kuyeyuka zaidi. Chumvi ya jikoni inaweza kuyazuia maji kuganda mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri, na friza ya jirani inafika 18.

Udongo wa Mirihi una chumvi kali kuliko hiyo. Phoenix ilizikuta mwaka 2008, zinaitwa pakloreti. Baadhi yake huyaacha maji yakiwa majimaji mpaka karibu nyuzi 70 chini ya sifuri. Na kundi la Orosei lilikadiria kwamba sakafuni, chini ya ile barafu, ni kama nyuzi 68 chini ya sifuri. Mmeona zinavyokaribiana. Ndiyo sababu wazo la ziwa halikuwa ndoto. Lakini mmeona pia zinavyokaribiana kupita kiasi, na hapo ndipo wengine walipoanza kuuliza maswali.

Kwanza waliuliza joto linatoka wapi. Kwetu Antaktika yako maji chini ya barafu bila chumvi nyingi, kwa sababu moto wa tumbo la Dunia unapanda kutoka chini na barafu nene inauzuia kama blanketi. Mirihi ni ndogo, imepoa. Mwaka 2019 Michael Sori na Ali Bramson walipiga hesabu wakasema chumvi peke yake haitoshi: ingehitajika miamba iliyoyeyuka iwe imepanda karibu na pale miaka laki chache tu iliyopita. Jambo hilo haliwezi kukataliwa moja kwa moja, lakini hakuna aliyeliona.

Kisha Jeffrey Plaut na Aditya Khuller wakapitia vipimo vingi vya MARSIS na kukuta mwangwi kama ule kwenye makumi ya mahali, baadhi yake penye baridi kupita kiasi hata kwa pakloreti. Mwaka huohuo, 2021, Isaac Smith na wenzake wakachukua aina ya udongo wa mfinyanzi, wakaulowesha, wakaugandisha maabara, wakaupima. Ukarudisha mwangwi unaofanana na ule wa Mirihi. Na udongo wa aina hiyo umeonekana kwenye kingo za barafu ya kusini. Wengine wakaonyesha kwamba matabaka membamba ya barafu, yakipangika kwa unene fulani, miangwi yake hujumuika na kuongezana nguvu, ukapata mwangwi mkali bila tone la maji wala udongo.

Kwa upande mwingine, uso wa barafu juu ya eneo lile umebonyea na kuinuka kidogo, na mwaka 2022 watafiti walioongozwa kutoka Cambridge walionyesha kwamba umbo hilo linafanana na barafu inayoteleza juu ya maji. Huo ulikuwa ushahidi usiotokana na rada, na niliupenda kwa sababu hiyo.

Kulikuwa na jambo moja lililokuwa likinisumbua tangu mwanzo. Kuna chombo kingine kinachozunguka Mirihi, cha Marekani, Mars Reconnaissance Orbiter, chenye rada yake iitwayo SHARAD. Nayo ilipita juu ya eneo lile tena na tena bila kuona sakafu kabisa. Mawimbi yake ni mafupi zaidi, megahetzi 15 hadi 25, na antena yake ilikuwa imezibwa kiasi na mwili wa chombo chenyewe. Mwaka 2025 wanaokiendesha wakafanya jambo la ujasiri: walikipindua chombo kwa nyuzi 120, kikapita juu ya eneo lile kimelala ubavu, ili antena iangalie chini bila kizuizi. Safari hii mwangwi wa sakafu ukapatikana. Ulikuwa dhaifu. Kama pale chini pangekuwa na ziwa la maji ya chumvi, ungetarajiwa kung'aa. Sehemu jirani, ambapo hakuna aliyedai ziwa, haikutoa kitu.

Mkiniuliza mimi, leo uzito wa ushahidi umeegemea upande wa wanaosema si ziwa. Nasema hivyo nikiwa mtu aliyelitamani lile ziwa kwa moyo wote. Orosei na wenzake hawakutudanganya. Walisikia mlio mzito, wakaurudia mara 29, wakautaja wazi ili wengine waupime.

Na msidhani mwangwi hauaminiki hata kidogo. Mwaka 1991 rada kutoka Duniani iliigonga Utaridi, sayari iliyo karibu kabisa na Jua, ambako mchana joto hupita nyuzi 400. Ncha zikarudisha mwangwi wa barafu. Watu walishangaa, kisha wakakumbuka kwamba Utaridi haikuinama, kwa hiyo ndani ya makasoko ya nchani jua halijawahi kuingia. Lakini walisubiri. Mwaka 2012, baada ya chombo cha MESSENGER kufika, kupima haidrojeni kwa njia nyingine na kulinganisha ramani ya vivuli na ramani ya mwangwi, ndipo waliposema kwa sauti: ni barafu.

Vostok ndiyo iliyochukua subira kubwa zaidi. Ni kituo cha Warusi Antaktika, ambako Julai 1983 kilipimwa kibaridi cha nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Miaka ya 1970 ndege zenye rada zilikuta hapo chini sakafu tambarare, inayong'aa. Miaka ya 1990 setilaiti ikapima uso wa barafu na kuukuta umelala sawa kama meza kwa zaidi ya kilomita 200. Mwaka 1996 ikaandikwa rasmi kuwa ni ziwa. Na tarehe 5 Februari 2012 mashine ya kutoboa ikafika kwenye maji, baada ya mita 3,769 za barafu. Mwaka uliofuata Wamarekani walitoboa mita 800 hivi kufika ziwa jingine la chini ya barafu, Whillans, wakachota maji, na katika kila mililita moja wakahesabu chembe hai kama 130,000. Giza tupu, baridi, hakuna jua tangu enzi, na vijidudu vinaishi kwa kula madini ya mawe.

Hapo mnajua kwa nini watu hawaachi kuigonga Mirihi.

Mwanafunzi mmoja hapo mbele ameniandikia swali kwenye karatasi: je, hayo maji yangekuwapo, yangenyweka? Hapana, binti yangu. Ninyi watoto wa visima vya pwani mnajua maji ya chumvi chumvi, chai yake isivyolewa. Hayo yangekuwa machungu kupita bahari, na pakloreti huidhuru tezi ya shingoni. Na vijidudu je, vingeweza kukaa humo? Kwa baridi ile na chumvi ile, hakuna kiumbe tunachokijua ambacho kimeonekana kikikua. Ungehitaji maji ya chini zaidi, yenye joto zaidi. Mwaka 2024 watafiti waliotumia mitetemo iliyonaswa na chombo cha InSight walisema huenda yapo, yamejificha kwenye nyufa za miamba, kilomita 11.5 hadi 20 chini. Nao wamegonga tu, kwa namna nyingine. Nasubiri wenzao wa kuwapinga.

Kile kifuko cha kwanza sasa kimeanza kutoa jasho, kitayeyuka kabla hatujaswali isha. Hiki cha chumvi nakipitisha kuanzia mstari wa mbele. Kila mtu akishike kidogo, akiminye, asikie kinavyobonyea, kisha ampe jirani yake. Msikipasue, tafadhali, mikeka hii ni ya watu.